Mgeni wa Kundi Hakai Mkiani

Swali: Mwalimu, nina miaka 34 na nimenunua baiskeli ya mbio ya mtumba. Mara tatu nimejiunga na kundi la Jumapili linalotoka Ruaka kupanda Tigoni. Huniambia nikae nyuma kabisa nisije nikaangusha watu. Kila baada ya kona naachwa, nahangaika kuwafikia, na nikiwafikia nimekwisha. Jumapili iliyopita niliona shimo nikashika breki, kijana mmoja akanifokea mbele ya wote. Je, mchezo huu si wangu?
*Mama wa wawili, Ruaka*

Jibu: Dada yangu, mchezo ni wako. Waliokosea ni waliokuweka mkiani.

Wengi hudhani mkia ni mahali pa kupumzikia. Barabara ikiwa tambarare na imenyooka, ni kweli: aliye mbele anakukinga upepo, na nguvu unayookoa yaweza kufika robo au zaidi. Lakini fikiria watu kumi na wawili wanaingia kona. Wa kwanza anapunguza kidogo, wa pili anapunguza kumzidi, wa tatu hivyo hivyo, mpaka zamu inapomfikia wa mwisho anakaribia kusimama. Wakati huo wa kwanza ameshatoka konani na anakanyaga kwa nguvu. Wewe ndiyo kwanza unaanza kumfukuza. Kona kumi, mbio kumi, na zote amepewa mtu mwenye mazoezi machache kuliko wote! Jambo hili huniuma kila nikiliona, kwa sababu mgeni hurudi nyumbani akiamini miguu yake ni mibovu.

Nafasi yako ni ya pili au ya tatu, nyuma ya mzoefu mwenye mwendo usiobadilika-badilika, na mzoefu mwingine nyuma yako wa kukuelekeza kwa sauti ya kawaida. Mimi nilifundishwa hivyo. Mzee mmoja wa mji wa Kikuyu aliniweka nyuma yake, akaniambia nisikodolee gurudumu lake bali nitazame mgongo, maana mgongo hueleza jambo kabla gurudumu halijalifanya. Mlimani aliniwekea mkono kiunoni akanisukuma, bila kusema neno. Ni Kikuyu hiyo hiyo ambako mwendesha baiskeli David Kinjah alimlea kimchezo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, miaka mingi kabla ya kijana huyo kushinda Tour de France, mbio maarufu za baiskeli za Ufaransa, mwaka 2013 na mara nyingine tatu baadaye.

Sasa breki. Aliye mbele yako ndiye aliyepaswa kukuonyesha shimo kwa kidole na kupaza sauti, "Shimo!" Hakufanya hivyo, na wewe ukashtuka. Hata hivyo, ndani ya kundi breki ya ghafla ni hatari kweli. Acha kukanyaga kwanza, inua kifua kidogo upepo ukupunguze mwendo, kisha gusa breki taratibu. Na gurudumu lako la mbele lisipite ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzio. Yakigusana, anayeanguka ni wewe.

Kuna jingine ambalo hata wazoefu husahau. Ukisimama ghafla juu ya pedali mlimani, baiskeli hurudi nyuma kidogo kumwelekea anayekufuata. Kwa hiyo kanyaga kwa nguvu kidogo unapoinuka, ndipo usimame.

Zamu yako ya kushika mbele ikifika, usiongeze mwendo. Wageni wengi hutaka kuthibitisha kwamba wanaweza, wakalivunja kundi. Hesabu mizunguko thelathini ya pedali, ashiria kwa kiwiko, jitoe, urudi ndani.

Katikati ya wiki tafuta rafiki na uwanja wa nyasi. Endesheni polepole bega kwa bega mpaka kugusana kusikutishe, halafu jaribu kuokota chupa ya maji chini ukiwa unaendesha. Utaanguka mara mbili tatu, na nyasi hazichubui kama lami.

Jumapili fika dakika kumi mapema, umwombe kiongozi nafasi ya pili. Mweleze habari ya kona kama nilivyokueleza. Akikataa, liache kundi hilo na utafute lingine, maana hapo Ruaka hupita makundi kadhaa kabla ya saa moja asubuhi. Na ubebe tyubu ya akiba na pampu yako mwenyewe.