Mbwa mwitu wa Yellowstone na wa Serengeti

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Marekani iliwarudisha mbwa mwitu katika Hifadhi ya Yellowstone, nami nakumbuka kwamba Serengeti nako walirudishwa. Je, ni mnyama mmoja? Na taasisi nyingi huafikianaje kuhusu mnyama anayekula mifugo ya watu?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, jina ni moja lakini wanyama ni wawili. Wa kwetu ana mabaka, masikio ya mviringo na vidole vinne katika kila mguu; wa Yellowstone ni ndugu wa karibu wa mbwa wa nyumbani, na miguu yake ya mbele ina vidole vitano.

Ama kuhusu kuafikiana, ukweli ni kwamba si wote walioafiki. Mbwa mwitu wanane wa kwanza walipowasili Yellowstone kutoka Kanada mnamo Januari 1995, walibaki ndani ya masanduku yao hadi usiku, kwa kuwa chama cha wakulima na wafugaji kilikuwa kimekwenda mahakamani kupinga wasifunguliwe. Shughuli iliongozwa na idara ya wanyamapori ya serikali kuu pamoja na idara ya hifadhi za taifa, lakini katika jimbo jirani la Idaho, ambako wengine walipelekwa, bunge la jimbo liliizuia idara yake ya wanyamapori isishiriki, na kazi ya kuwafuatilia ikachukuliwa na kabila la wenyeji wa asili, Wanez Perce. Mfugaji aliruhusiwa kumuua mbwa mwitu aliyemkuta akishambulia mifugo yake, na aliyepoteza ng'ombe alilipwa na shirika la hiari. Sisi tungekiita kifuta jasho.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, kwa maoni yangu: makubaliano yanayofaa ni yale yanayomwonyesha mwenye mbuzi aliyeliwa ampigie simu nani usiku huo huo.

Kwetu, kuanzia mwaka 2012, TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania) na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania), ambazo makao yake makuu yote yako hapa Arusha, zilihamisha makundi kutoka Loliondo, eneo linalopakana na Serengeti, ambako wafugaji walikuwa wakiyalalamikia, zikayaweka kwanza katika boma lenye uzio, kisha zikayaachia magharibi mwa Serengeti. TANAPA ndiyo yenye hifadhi na TAWIRI ndiyo yenye watafiti, ila Loliondo haikuwa chini ya TANAPA, kwa hiyo bila wafugaji wenyewe na mamlaka nyingine za wanyamapori, kazi hiyo isingevuka hata mpaka wa hifadhi.