Re: Kondoo wa kienyeji wanashuka bondeni kila jioni, nifanyeje?

Habari mkuu. Kwa hiyo umepandisha kondoo wa kienyeji mlimani, hakuna uzio, na kila jioni unawakuta wameshuka bondeni. Mbegu haina shida, hawajapazoea tu.

Angalia kwanza kama huko juu kuna maji, bila hivyo watashuka tu. Halafu umenunua majike wenye wana au majike matupu? Mwanakondoo anajifunza eneo kwa kumfuata mama yake, ndo maana kondoo aina ya Herdwick wa Lake District, eneo la milima kule Uingereza, wanakaa mlimani bila uzio, na shamba likibadilisha mkulima mara nyingi kundi linabaki palepale.

Wangu niliwachunga msimu mzima, asubuhi nawapandisha taratibu, chumvi naweka juu kabisa kwenye jiwe bapa na chini siweki hata punje, mpaka jike mmoja mzee mwenye sikio lililochanika akaanza kulala juu na wengine wakamfata. Chumvi yenyewe isiwe ile ya ng'ombe iliyoongezwa madini ya shaba, kondoo inawaua.

Na majike watakaozaliwa huko juu usiuze, nakuomba, hata ukipewa bei nzuri.