Maswali ya wasomaji: Vanishi, mafuta au rangi kwa mbao za mashua?

SWALI: Nina mashua ya tanga ya mita 6. Mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga), kana (mpini wa usukani) na mbao za ukingoni zote ni za mvule. Mwaka jana nilizipaka vanishi ya samani mikono mitatu. Kaskazi haijaisha, imebanduka kama magamba na mbao zimeingia weusi. Sasa nipake nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Vanishi ya samani iache ndani ya nyumba. Hukauka ikawa ngumu, ilhali mbao za chombo hutanuka na kusinyaa kila siku. Utando ukipata ufa mwembamba tu, maji huingia chini yake yakakosa pa kutokea, ndipo weusi unapoanza. Jua nalo hupenya utando usio na kinga, likala uso wa mti, vanishi ikakosa pa kushika.

Usipake kitu kimoja kila mahali. Mlingoti na foromali husuguliwa na kamba kila unapotweka tanga, kwa hiyo vipake mafuta ya kitani yaliyochemshwa: paka, subiri dakika 20, futa yote yasiyonywewa. Yakiachwa juu hunata na kukusanya vumbi na ukungu. Mbao za ukingoni zipake rangi ya mafuta, maana rangi hulizuia jua lisiufikie mti, nayo hudumu kuliko vanishi yoyote.

Vanishi ibaki kwenye kana, na iwe ya vyombo vya baharini yenye kinga ya jua. Ondoa ya zamani yote kwa msasa namba 80, fuata na 120, malizia na 180, ukisugua kwa urefu wa nyuzi za mti. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uache kana ikauke kabisa. Chumvi ikibaki huvuta unyevu na vanishi itabanduka tena. Mkono wa kwanza changanya vanishi na thina nusu kwa nusu ili inywewe. Wa pili thina iwe robo, wa tatu sehemu moja ya kumi, kisha mingine mitatu isiyochanganywa. Kila baada ya mkono kukauka pitisha msasa 240 kidogo, ufute vumbi. Ncha za mbao ndizo zinazokunywa maji zaidi, kwa hiyo ziongezee mikono miwili.

Paka asubuhi umande ukishakauka, kivulini. Jua la mchana huleta mapovu, na umande wa jioni hufifisha mng'ao. Ukiona mng'ao umeanza kupotea, ongeza mkono mmoja mara moja. Ukingoja hadi ibanduke, utaanza tena na msasa 80.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike, kwani hupata joto vikawaka vyenyewe. Vitandaze nje au uviloweke kwenye maji.

SWALI: Na sifa ya papa (mafuta ya ini lake) waliyopaka wazee? – Msomaji huyohuyo

JIBU: Inafaa, hasa kwa mbao zisizokanyagwa, ila hutaka kurudiwa mara kwa mara na harufu yake haiishi haraka. Jambo la kupima kabla hujaanza: mbao zikishanywa sifa, rangi na vanishi hazishiki tena mpaka uchonge uso mzima. Basi kana unayotaka ing'ae usiiguse kwa sifa.