Mtoto kaumia kwenye basi la shule, na wilaya haina kampuni ya bima. Nani atalipa?

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 alikuwa ndani ya basi la shule lililofunga breki ghafla, akarushwa na kuvunjika mkono. Nilipoomba jina la kampuni ya bima, nikajibiwa kwamba wilaya ya shule (taasisi ya umma inayoendesha shule za eneo letu) haina, inajiwekea bima yenyewe. Jirani ananiambia basi tena, hapo hakuna wa kumdai. Huu ni mwezi wa nne. Nifanye nini? (Mama wa watoto watatu, Fort Worth, Texas)

JIBU: Pole sana, mama, na umpe pole mtoto. Jirani yako amekosea, lakini kwanza tuangalie kalenda, maana hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Sheria ya Texas ya madai dhidi ya serikali inataka wilaya ipewe notisi, yaani taarifa ya maandishi ya dai lako, ndani ya miezi 6 tangu siku ya ajali. Umebakiwa na miwili, labda pungufu. Wazazi wengi hujua kwamba muda wa kufungua kesi ni miaka 2, na kwamba kwa mtoto hauanzi kuhesabiwa mpaka atimize 18, basi wanatulia. Notisi haimsubiri mtoto. Mahakama ya Juu ya Texas ililiamua hilo mwaka 2004. Usitegemee pia kwamba "shule wanajua, dereva si aliandika ripoti?" Kujua kwamba ajali ilitokea hakutoshi, lazima iwe imejulikana pia kwamba wilaya inalaumiwa. Nimesoma majalada ya madai kwa miaka mingi, na yanayoniuma zaidi ni yale ambayo mfupa umevunjika kweli, bili zipo, picha za eksirei zipo, ila karatasi moja haikuandikwa.

Kwa hiyo andika notisi hiyo wiki hii. Taja jina la mtoto, tarehe, saa, barabara, namba ya basi, namna lilivyofunga breki, mkono upi ulivunjika na hospitali alikotibiwa. Sema wazi kwamba unaona dereva alizembea. Ipeleke kwa mkuu wa wilaya ya shule kwa barua ya rejista yenye risiti ya kupokelewa, na nakala ibaki kwako.

Sasa hiyo bima. Sura ya 2259 ya sheria za serikali za Texas inaruhusu taasisi ya umma kuanzisha mfuko wake wa kujikinga na hasara yoyote inayoweza kukatiwa bima. Badala ya kulipa kampuni kila mwaka, wilaya inatenga fedha zake na kulipa madai kutoka humo. Nyingine huungana kwenye mfuko wa pamoja. Mmojawapo unasimamiwa na TASB, chama cha bodi za shule za Texas. Kwa hiyo mlipaji yupo. Atakayekupigia simu atajitambulisha kuwa ofisa wa madai au wa usimamizi wa hatari, nawe umchukulie kama ofisa wa bima: anailinda fedha ya mfuko. Usisaini hati ya kumaliza madai kabla daktari hajasema mkono umepona.

Kuwa na mfuko hakuiondolei wilaya kinga yake ya kisheria ya kutoshtakiwa. Sura hiyohiyo inatamka hivyo. Kwa shule, kinga inalegea kwa chombo cha moto tu. Angeteleza kwenye korido, nisingekuwa na la kukuambia chini ya sheria hii. Hata basi lenyewe lazima liwe kwenye matumizi. Mwaka 1992, katika kesi ya wilaya ya Hamshire-Fannett, mwanafunzi aliyegonga kichwa kwenye mlango wa nyuma wa basi lililoegeshwa, injini imezimwa, dereva hayumo, alishindwa. La mwanao lilikuwa mwendoni, na hapo una miguu ya kusimamia.

Malipo yana kikomo: dola 100,000 kwa mtu mmoja na 300,000 kwa ajali nzima. Wakiumia watoto 10, wote wanagawana hizo 300,000. Na bili za hospitali ni dai lako wewe mzazi, si la mtoto; miaka yako 2 inakwenda tangu siku ya ajali.

Kuna swali ambalo hukuligusa: dereva alifunga breki kwa nini? Kama kuna gari lilimkatisha, bima ya gari hilo nayo inadaiwa, tena huko hakuna notisi ya miezi 6. Na kama dereva ni mwajiriwa wa kampuni ya mabasi iliyopewa kandarasi, njia ya madai inabadilika. Omba nakala ya ripoti ya polisi na jina la mwajiri wa dereva, kisha umwone wakili wa majeruhi ukiwa nazo mkononi. Wengi wao hawatozi kitu kwa kikao cha kwanza. Ila barua itangulie.