Maswali ya Baiskeli: Chuchumaa, Tia Kidole, Ndipo Utoe Pesa

Maswali ya safari hii karibu yote yahusu saiklokrosi, zile baiskeli za mashindano ya matopeni na mchangani zinazofanana na za lami ukiziona kwa mbali. Kwa karibu hazifanani.

Nimeonyeshwa baiskeli ya mtumba yenye usukani uliopinda. Muuzaji asema ni saiklokrosi, jirani asema ni ya lami. Nitajuaje? (Nyali)

Achana na usukani. Zote mbili zina usukani uliopinda, na huo ndio unaowaponza watu kila siku. Chuchumaa mbele ya baiskeli, tia kidole cha shahada baina ya tairi na foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, pale juu inapogawanyika. Kikikwama, mbele yako kuna baiskeli ya lami. Kwenye saiklokrosi kidole hupita na nafasi hubaki, kwa sababu foki ile ilitengenezwa ipitishe tairi pamoja na tope lililoganda juu yake.

Kisha tazama breki. Saiklokrosi za zamani zina kantileva: mikono miwili iliyosimama ubavuni mwa foki, ikivutwa na waya mmoja katikati. Breki hizo huacha tope lipite. Breki za diski, zile zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu, ziliruhusiwa kwenye mashindano ya saiklokrosi mwaka 2010, lakini siku hizi hata za lami zina diski, kwa hivyo diski peke yake si ushahidi. Hesabu na meno ya gia za mbele. Ukipata 46 na 36, au gia moja tu ya meno 40 hivi, dalili ni za saiklokrosi. Ukipata 50 na 34, au 53 na 39, hiyo ni ya lami. Waya zikipita juu ya bomba la juu, badala ya chini ya fremu kunakorukia tope, umepata dalili nyingine.

Hukuuliza, lakini nitakwambia kabla hujaijaribu. Baiskeli zilizotoka Uingereza kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Zilizotoka Ubelgiji au Ufaransa iko kushoto. Bonyeza moja moja ukiwa umesimama, uone ipi yakamata wapi. Mtu aliyezoea upande mmoja akishtuliwa na matatu, akabana kwa nguvu breki asiyoitarajia, hupita juu ya usukani.

Ipi ina mbio zaidi? (Mtwapa)

Kwenye lami, ya lami. Tairi zake ni nyembamba zisizo na meno, gia zake ni nzito, na mwendeshaji huinama zaidi, hivyo upepo haumzuii sana. Ukitoka kwenye lami, swali lako limekwisha.

Nina baiskeli ya lami. Siwezi tu kuvisha tairi pana niokoe pesa? (Kongowea, Changamwe, Likoni, na wengine watatu)

Nimeshalijibu hili, na bado laja kila mara bila aliyeuliza kuniambia tairi yake ya sasa ni namba ngapi. Namba imeandikwa ubavuni mwa tairi. Isome kwanza, ndugu yangu.

Rimu za aina zote mbili kwa kawaida ni kipimo kimoja, kipenyo cha milimita 622, kwa hivyo tairi pana itaingia kwenye rimu yako, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kinachokataa ni foki na fremu. Baiskeli nyingi za lami za zamani hukoma kwenye tairi za milimita 25, zikijitahidi sana 28. Tairi ya mashindano ya saiklokrosi hufika milimita 33, ndio ukomo wa kanuni, na fremu huwa imeacha nafasi zaidi ya hapo.

Mimi niliwahi kuuziwa baiskeli ya lami iliyovishwa tairi za 32. Fundi alilizungusha gurudumu hewani mbele yangu, likazunguka bila kugusa kitu, nikaridhika. Siku ya pili nikapita njia ya udongo nyuma ya Shanzu baada ya mvua. Nikaanza kuhisi kama kuna mtu kanishika siti kwa nyuma. Nilipofika nyumbani nikageuza baiskeli juu chini: mchanga ulikuwa umejaa baina ya tairi na foki, ukasaga rangi, ukasaga na foki yenyewe, alama ya upana wa dole gumba iliyobaki chuma kitupu. Foki ingekuwa ya kaboni, singeipanda tena. Na kipande cha jiwe kikinasa pale ukiwa kwenye mteremko, gurudumu la mbele husimama na wewe waendelea.

Hewani kila tairi huzunguka. Jaribu na mchanga.

Kwa nini wale washindani hubeba baiskeli begani? (Mtongwe)

Kwa sababu kuna mahali ambapo mguu ni mwepesi kuliko gurudumu. Mchezo huu ulianzia Ufaransa mwanzoni mwa karne iliyopita, waendeshaji wakitafuta zoezi la majira ya baridi, wakikata mashamba na kuruka nyua. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, akashinda Jean Robic. Hadi leo resi ya wanaume ni kama saa moja tu, lakini ni saa ya kukimbia, kuruka vizuizi vya urefu wa sentimita 40, na kupanda ngazi na baiskeli begani. Huko Koksijde, Ubelgiji, hupita kwenye vilima vya mchanga wa pwani ambavyo sisi tungevitambua mara moja.

Hiyo ndiyo sababu pedeli huwa juu kidogo kutoka ardhini, na ndiyo sababu nyingine hazina hata pa kuwekea chupa ya maji. Kwa joto letu, jambo hilo la chupa litazame kabla ya kununua.

Nijaze upepo kiasi gani? (Bamburi)

Tairi ya 33 kwenye mchanga na udongo, mtu wa uzito wa kawaida, anza na pauni 30 (PSI kwenye geji ya pampu), ongeza ukihisi rimu yagonga mawe. Acheni kujaza hadi tairi iwe jiwe.

Naweza kuendesha ufuoni? (Bamburi pia)

Waweza, maji yakipwa, kwenye ule ukanda wenye unyevu ambapo mchanga umeshikana. Usiingize gurudumu majini. Ukirudi, osha kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, bila kupiga kwa nguvu kwenye beringi, kausha mnyororo kwa kitambaa, utie mafuta siku hiyo hiyo. Na mara moja kwa mwezi ng'oa bomba la siti, lipake grisi, lirudishe. Chuma ndani ya fremu ya aluminiamu hushikana kwa chumvi hata fundi akalazimika kulikata kwa msumeno.

Kijana wangu ana miaka 14, aenda shule njia nusu lami nusu mawe. Nimnunulie saiklokrosi? (Mama, Kisauni)

Hapana, dada. Mtafutie ile ya changarawe, ndugu yake saiklokrosi: hupokea tairi za 40 na zaidi, pedeli ziko chini kidogo hivyo imetulia, gia zake ni nyepesi, na ina matundu ya kufungia madigadi na keria ya mkoba. Saiklokrosi ni ya mtu anayeshindana. Mwende naye dukani, ashike usukani, na uangalie vidole vyake vyafika kwenye breki bila kuachia kiganja. Visipofika, mwambie fundi azivute breki karibu, kuna skurubu ndogo ya kazi hiyo kwenye breki nyingi za siku hizi. Ikiwa hazivutiki, msiinunue.