Kwa nini ngisi wa Nahodha Nemo anashambulia katikati ya dhoruba

Umeuliza kwa nini pambano na ngisi mkubwa, katika filamu ya Disney ya mwaka 1954, 20,000 Leagues Under the Sea, iliyotokana na riwaya ya Jules Verne kuhusu Nahodha Nemo na nyambizi yake Nautilus, linatokea usiku wa dhoruba ilhali kitabuni hakuna dhoruba wakati huo. Sababu ni ya kiufundi. Mwongozaji Richard Fleischer alikwisha kulipiga picha mara ya kwanza bahari ikiwa shwari na jua likizama, lakini katika mwanga ule nyaya zilizokuwa zikiinua mikono ya ngisi wa bandia zilionekana waziwazi, na mnyama mwenyewe alichekesha badala ya kutisha. Ikaamuliwa pambano lirudiwe kwa gharama kubwa, safari hii kukiwa na giza, upepo, mvua na mawimbi, ili nyaya zifichike na mtazamaji asipate nafasi ya kumchunguza mnyama kwa utulivu. Kwa maoni yangu, hapo filamu imekizidi kitabu, ambamo nyambizi huvamiwa na kundi zima la wanyama hao.

Sikubaliani, hata hivyo, na wanaosema filamu inaifuata riwaya kwa uaminifu. Nyambizi ya Verne huendeshwa kwa umeme, wakati ile ya filamu inadokezwa kuwa na nguvu inayofanana na ya nyuklia, jambo lisiloshangaza kwa kuwa Marekani ilishusha majini nyambizi yake ya kwanza ya nyuklia, nayo ikiitwa Nautilus, Januari 1954.