Usisubiri Januari, dada
Pole sana dada. Kama unafunga hesabu za mwaka kazini mpaka saa nne usiku, usingizi umekupotea na likizo yako hujaigusa, usisubiri Januari ndipo upumzike. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo yenye malipo, na saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Omba kwa barua, leo hii, hata ukipata wiki moja tu kabla ya Krismasi. Mkuu wako naye aseme kwa maandishi kazi ipi itangulie na ipi isogezwe. Usizibebe zote kimyakimya. Lakini huo usingizi uliopotea ndio unanitia hofu zaidi. Tafadhali muone daktari wiki hii.